Ukipigiwa na ‘benki’, kata simu upige wewe

Simu ya hatari haianzi kwa kuomba. Huanza kwa kuuliza. Sauti iliyotulia hujitambulisha kuwa inatoka kitengo cha usalama cha benki yako, hukutaja majina yako yote bila kukosea, kisha huuliza kama ni wewe uliyejaribu kulipa kiasi kikubwa cha fedha usiku wa kuamkia leo, katika nchi ambayo hujapata kufika. Unajibu kwamba si wewe, na umesema kweli. Anakushukuru. Anakwambia malipo hayo yameshasimamishwa, ila yapo mengine mawili yanasubiri kupita na muda ni mdogo. Kuanzia hapo mnafanya kazi pamoja, wewe na yeye, kuokoa fedha zako.

Hapo ndipo utapeli wa kujifanya benki unapoachana na ule wa zawadi za uongo au uwekezaji wenye faida ya ajabu. Kule mtu huvutwa na anachotamani kupata. Huku hubanwa na anachoogopa kupoteza, na anayebanwa upesi ni yule mwangalifu: anayepokea simu za benki, anayesoma ujumbe wake, anayejua kwamba wezi wapo na wanamnyemelea. Tapeli wa aina hii hahitaji mjinga. Anahitaji mtu anayejali akiba yake.

Ushauri tunaopeana kuhusu jambo hili umepitwa na wakati, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya. Tunaambizana tutazame makosa ya tahajia, namba ngeni, lafudhi isiyozoeleka, salamu ya “mpendwa mteja” isiyotaja jina. Kwa ushauri huo mteja anafanywa hakimu wa sauti na maandishi, tena akiwa na hofu, ndani ya dakika chache, mbele ya mtu ambaye hiyo ndiyo ajira yake ya kila siku. Hana nafasi ya kushinda, wala hana sababu ya kuingia kwenye shindano hilo. Swali la kama huyu ni benki kweli halina jibu kwenye simu uliyopigiwa. Jibu lake liko kwenye simu utakayoipiga mwenyewe.

Wahenga walisema vyaelea vimeundwa, na simu hii imeundwa kwa ustadi. Ujenzi wake huanza siku kadhaa kabla haijalia. Unapata ujumbe kwamba kifurushi chako kimekwama, ulipe ada ndogo ili kikufikie. Unabofya kiungo, unajaza jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu na namba ya kadi. Hata ukija kugundua kwamba kifurushi hakikuwepo, unajifariji kuwa kilichopotea ni kidogo. Kumbe ada haikuwa lengo. Umemjazia fomu mtu atakayekupigia wiki ijayo, na atakapopiga atajua benki yako ni ipi, maana tarakimu za mwanzo za kadi huitambulisha benki iliyoitoa. Wapo hata wanaoanza kwa kukuuliza: “Je, hivi karibuni ulifungua kiungo chochote cha kifurushi?” Ukikubali, wanakwambia hapo ndipo wezi walipopata taarifa zako. Wanakusimulia wizi wao wenyewe ili uwaamini. Wengine hawana haja hata ya kifurushi, kwa kuwa majina, barua pepe na namba za simu za mamilioni ya watu zimeshavuja kutoka kwenye kampuni mbalimbali na zinauzwa.

Ipo pia hila ya tarakimu. Mpigaji anakusomea tarakimu 4 au 6 za mwanzo za kadi yako kuonyesha kwamba ana faili lako mbele yake. Watu hushtuka wakisikia amepatia. Lakini tarakimu hizo ni za benki na aina ya kadi. Maelfu ya wateja wenzako wanazo zilezile. Yeyote anayejua unatumia benki gani anaweza kuzisoma.

Hatua inayofuata ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu huifanya benki ya kweli iwe shahidi wa mwizi. Wakati mnaongea, mpigaji amefungua tovuti ya benki, ameandika jina lako na kubonyeza sehemu ya kusahau nywila. Benki, kwa utaratibu wake wa kawaida, inakutumia namba ya uthibitisho. Ujumbe unaingia kutoka benki halisi, dakika ileile aliyokwambia utaingia. Ungetaka ushahidi gani zaidi? Ujumbe wenyewe unaonya kwamba namba hiyo usimpe mtu yeyote, hata mfanyakazi wa benki, na tapeli hulijua onyo hilo kuliko wewe. Hukutangulia: “Utaona maneno ya tahadhari pale, ni ya kawaida, hakikisha tu hakuna mtu karibu yako anayekusikia unaponisomea.” Basi unainong’ona, ukiamini unaificha isifike kwa wezi.

Benki nyingine zimeacha kutuma namba, zinatuma arifa kwenye programu yao yenye kitufe cha kuidhinisha. Hapo utaambiwa ubonyeze ili malipo yafutwe. Hakuna malipo yanayofutwa kwa kuidhinishwa. Soma yaliyoandikwa juu ya kitufe na uyaache yanayosemwa sikioni: ni kiasi gani, kinakwenda kwa nani, kwa ajili ya nini. Ujumbe wa namba ya uthibitisho nao mara nyingi hutaja kazi ya namba hiyo. Ukikuta umeandikwa “kusajili kifaa kipya” ilhali unaambiwa unazuia wizi, umeshapata jibu lako.

Kisha huja “akaunti salama”. Maneno haya mawili yanatosha kukata simu bila kuaga. Benki ikitaka kulinda fedha zako huifunga akaunti zilimo. Haikutumi wewe uzibebe kuzipeleka kwingine. Lakini mpigaji ana hadithi ya kujibu hoja hiyo. Fedha haziwezi kubaki zilipo, atasema, kwa sababu mfanyakazi wa tawi lako anashirikiana na wezi na upelelezi unaendelea. Kwa hiyo ukifika kaunta usieleze lolote. Wakikuuliza, sema unanunua gari, au unamlipa fundi anayekujengea. Kama mfumo wa benki utaonya kwamba jina la mwenye akaunti halilingani na uliloandika, puuza. Limefichwa kwa makusudi ya usalama. Usimwambie mwenzi wako, usiwaambie watoto, usikate simu hata ukiwa kwenye foleni.

Tazama kinachofanyika hapo. Kila mtu ambaye angekuzuia anaondolewa mmoja mmoja: mhudumu, mwenza, mfumo wenyewe. Kwangu mimi hii ndiyo alama inayozidi alama zote. Benki inaweza kukuomba uharakishe jambo, na wakati mwingine ina sababu. Haiwezi kukuomba umdanganye mfanyakazi wake.

Kuna matawi mengine ya hila hiyohiyo. Baadhi huomba uweke programu ya kumruhusu mtu kuiona na kuiendesha simu au kompyuta yako akiwa mbali, kama AnyDesk au TeamViewer, ambazo zenyewe ni programu halali zenye matumizi mema. Baadhi hutuma mtu nyumbani kuichukua kadi “kwa uchunguzi”, hata wakakuelekeza uikate vipande viwili huku chipu yake, kile kipande kidogo cha rangi ya dhahabu, ikibaki nzima. Shina ni moja.

Sasa turudi kwenye alama tulizofundishwa, tukianza na namba ya simu. Namba inayoonekana kwenye kioo cha simu yako ni maelezo yaliyotumwa na upande wa mpigaji. Mitambo ya simu iliundwa enzi ambapo kampuni zilikuwa chache na zikiaminiana, na hakuna aliyefikiria kumuuliza mtumaji kama anasema kweli. Leo kuandika namba ya benki mahali pa namba yako ni huduma inayouzwa. Tovuti moja, iSpoof, iliuza huduma hiyo kwa malipo ya Bitcoin mpaka polisi wa nchi kadhaa walipoifunga mwezi Novemba 2022. Katika miezi 12 iliyoishia Agosti mwaka huo, simu za ulaghai zipatazo milioni 10 zilipigwa kupitia kwayo duniani, kama milioni 3.5 kati ya hizo zikielekezwa Uingereza. Mwendeshaji wake alihukumiwa London mwezi Mei 2023 kifungo cha miaka 13 na miezi 4.

Kilichofuata baada ya msako ule kinafundisha kuliko hukumu. Polisi wa London walikuwa na namba za watu wapatao 70,000 waliodhaniwa kutapeliwa, wakataka kuwajulisha kwa ujumbe mfupi. Walilazimika kutangaza hadharani siku mbili ambazo ujumbe wao ungetumwa, na kwamba wowote utakaokuja nje ya siku hizo ni wa uongo. Polisi wenyewe hawakuwa na njia ya kumthibitishia raia, ndani ya ujumbe, kwamba ni wao. Kama chombo cha dola kimeshindwa, mteja aliyeshika simu jikoni kwake atawezaje?

Marekani imejaribu kuziba tundu hilo kwa kuzitaka kampuni kubwa za simu, kufikia tarehe 30 Juni 2021, kuweka mfumo wa kuthibitisha chanzo cha simu. Ni hatua njema, lakini mfumo huo hufanya kazi kwenye sehemu za mtandao zinazotumia intaneti; simu ikipita kwenye mitambo ya zamani, uthibitisho wake hupotea njiani. Kwa hiyo mpigaji anapokwambia “linganisha namba hii na iliyo nyuma ya kadi yako”, na zikalingana, bado hujapata kitu.

Ujumbe mfupi ni mbaya zaidi. Jina la mtumaji linaloonekana juu yake mara nyingi huandikwa na anayetuma, na simu yako hupanga ujumbe kwa kufuata jina hilo. Ujumbe wa tapeli aliyeandika jina la benki huingia kwenye mfululizo uleule ulio na taarifa zako za salio za miaka yote. Hilo ndilo lililotokea Singapore mwezi Desemba 2021. Wateja wa benki ya OCBC walipokea ujumbe uliokaa chini ya ujumbe halali wa benki, ukiwa na kiungo cha tovuti ya bandia. Wateja wapatao 790 walipoteza jumla ya dola za Singapore milioni 13.7. Tahajia haikuwasaidia, jina la mtumaji halikuwasaidia, na mahali ujumbe ulipokaa ndiko hasa kulikowaponza.

Lugha sitaizungumzia sana. Akili mnemba inaandika barua fasaha kwa lugha nyingi, na inaweza kuiga sauti ya mtu kutoka kwenye kipande kifupi cha sauti yake. Anayesubiri kumjua tapeli kwa Kiswahili kibovu atasubiri sana.

Kinachobaki ni mwelekeo wa mawasiliano. Nani aliyeanza? Kama ni wao, kata. Huna haja ya kumtuhumu, kubishana naye wala kumtega kwa maswali, kwa sababu kila dakika unayokaa inampa nafasi ya kuongeza hofu. Sema utapiga mwenyewe, ukate. Mfanyakazi halisi wa benki hatakasirika, na akikasirika si hasara yako. Kisha tafuta namba nyuma ya kadi, au ndani ya programu ya benki, au kwenye karatasi ya taarifa ya akaunti. Usiitafute kwa kuandika jina la benki kwenye mtandao: matapeli hununua matangazo, huweka namba zao kwenye ramani za intaneti kwa jina la huduma kwa wateja, na hujibu malalamiko ya wateja kwenye mitandao ya kijamii wakitumia kurasa zenye nembo ya benki. Usikubali pia “nikuunganishe” wala “nitabaki kwenye laini”.

Kwa wanaotumia simu za mezani kuna tahadhari ya ziada. Kwa miaka mingi mitambo mingi iliiacha laini wazi mpaka aliyepiga naye akate. Mtu aliweka mkono wa simu chini, akaunyanyua, akasikia mlio wa kawaida uliochezwa na tapeli aliyekuwa bado upande wa pili, akabonyeza namba ya benki, na “benki” ikapokea. Tumia simu nyingine kama unayo. Ukikosa, mpigie kwanza mtu ambaye sauti yake unaijua.

Najua pingamizi litakalotolewa: je, kama kweli wezi wako ndani ya akaunti na dakika ni chache? Hoja hii ndiyo kitanzi chenyewe. Kama hatari ni ya kweli, benki inao uwezo wa kuzuia malipo bila msaada wako hata kidogo, na simu unayopiga wewe itazuia mengine. Programu nyingi za benki zina kitufe cha kuifunga kadi papo hapo; kukibonyeza ni kazi ya sekunde, na kuifungua tena ni hivyohivyo. Mteja aliyekata simu ya kweli amepoteza dakika kumi. Aliyeiamini ya uongo anaweza kupoteza akiba yake yote.

Mpaka hapa nimesema na mteja. Lakini sikubali mzigo wote uwe wake, na hapa benki zinastahili kusemwa waziwazi. Kwa miaka mingi benki zimewapigia wateja kwa namba zisizojulikana, zikaanza mazungumzo kwa kusema “kabla hatujaendelea, naomba tarehe yako ya kuzaliwa na anwani”. Zimetuma viungo vya kubofya kwenye ujumbe mfupi, kisha zikatuma ujumbe mwingine wa kuonya kuhusu viungo. Zimetuzoesha kwamba uthibitisho ni wa upande mmoja: mteja ajithibitishe kwa benki, benki isijithibitishe kwa mteja. Tapeli hakubuni mazungumzo hayo, aliyakuta yameshazoeleka.

Na linawezekana jambo jingine, kwa kuwa limeshafanyika. Baada ya kisa cha OCBC, mamlaka ya fedha ya Singapore pamoja na mabenki walitangaza mwezi Januari 2022 kwamba viungo vya kubofya viondolewe kwenye ujumbe mfupi na barua pepe kwa wateja wa kawaida, na kwamba mteja akisajili kifaa kipya cha kuidhinishia miamala lazima zipite saa 12 kabla hakijaanza kufanya kazi. Saa 12 ni usumbufu kwa aliyenunua simu mpya. Kwa tapeli ni maafa, kwa sababu biashara yake yote imejengwa juu ya kumaliza kabla hujazungumza na mtu mwingine. Kuanzia tarehe 31 Januari 2023 nchi hiyo ikalazimisha pia kila anayetuma ujumbe kwa kutumia jina badala ya namba awe amesajiliwa.

Uingereza, benki ya Monzo ilianza mwaka 2023 kuonyesha ndani ya programu yake kama muda huo kuna mfanyakazi wake anayeongea na mteja kwa simu. Unafungua programu, unatazama: benki inakupigia, au haikupigii. Nimelisifu jambo hili kila nilipopata nafasi, maana linaondoa kesi nzima kwenye sauti na hisia. Huko huko ipo namba fupi 159, iliyoanzishwa Septemba 2021, ambayo mteja huipiga ikamuunganisha na benki yake. Haimpigii mtu kamwe. Na tangu mwaka 2020 benki kubwa za Uingereza zilianza kulinganisha jina na namba ya akaunti kabla ya malipo kutoka, utaratibu ambao nchi zinazotumia euro ziliulazimisha kuanzia tarehe 9 Oktoba 2025. Muulize mhudumu wa benki yako ni lipi kati ya haya wanalo. Wakikuambia hawana, andika barua ya kulidai. Vitufe vya namna hiyo huwekwa wateja wanapovidai.

Kuhusu nani abebe hasara, sheria nyingi zimegawanya wizi mara mbili: uliofanywa bila idhini yako, na uliobonyeza mwenyewe kwa kudanganywa. Wa kwanza hulipwa, wa pili mteja huachiwa maumivu yake. Marekani mgawanyo huo unatokana na sheria ya mwaka 1978, wakati hakuna aliyeweza kumfikia mteja mfukoni mwake saa tatu usiku. Tapeli anausoma mgawanyo huo vizuri, ndiyo maana anapendelea ubonyeze wewe. Uingereza ilibadili mkondo: tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki zinatakiwa kumrudishia mteja aliyetapeliwa akatuma fedha mwenyewe ndani ya nchi, hadi pauni 85,000, gharama ikigawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na iliyopokea.

Wapo wanaosema sheria kama hiyo itawafanya watu wazembe. Siiamini hoja hiyo. Hakuna mtu anayekaa saa mbili akitetemeka kwenye simu kwa sababu anajua atalipwa. Uzito wa sheria ile, kwa macho yangu, uko kwenye ile nusu ya benki iliyopokea. Fedha za wizi lazima zitue mahali, na hutua kwenye akaunti za watu waliokodishwa majina yao, wengine vijana walioahidiwa asilimia kidogo kwa kazi ya “kupokea na kutuma”. Benki iliyofungua akaunti hiyo ndiyo yenye uwezo wa kuona kwamba mteja mpya asiye na kipato amepokea fedha nyingi na kuzitoa zote ndani ya nusu saa. Ikilipishwa, itatazama.

Aibu nayo ina sehemu yake. Aliyetapeliwa husikia “ulikuwaje hata ukakubali?” kabla hajasikia pole. Mwezi Februari 2024 mwandishi wa safu ya masuala ya fedha katika jarida la New York alieleza hadharani jinsi alivyotoa dola 50,000 taslimu, akaziweka ndani ya sanduku la viatu na kumkabidhi mtu asiyemjua ndani ya gari. Waliompigia walijifanya kampuni kubwa ya biashara mtandaoni, kisha maofisa wa serikali, na wakamkataza kumwambia mumewe. Huyu ni mtu ambaye kuandika kuhusu fedha ni kazi yake. Wengi walimcheka. Naona alifanya kazi ya maana, kwa kuwa kila anayecheka anamfundisha mzazi wake au mtoto wake kwamba yakimkuta asiseme, na kunyamaza huko ndiko kunakoharibu saa ya kwanza, saa yenye thamani kuliko zote zitakazofuata.

Katika saa hiyo, ifunge kadi na uipigie benki. Sema kwa maneno machache: nimetapeliwa, nimetuma kiasi hiki kwenda akaunti hii, wasilianeni sasa hivi na benki iliyopokea. Fedha hupitishwa akaunti hadi akaunti kwa dakika, kisha hutolewa taslimu au hugeuzwa sarafu za kidijitali, hivyo usianze kwa kutafuta maelezo mazuri ya kujitetea. Badilisha nywila ya barua pepe kabla ya nyingine, maana kupitia hiyo nyingine zote hurejeshwa. Kama uliweka programu ya kuendesha kifaa chako kutoka mbali, kiondoe kifaa hicho kwenye intaneti na ufanye haya yote kwa kifaa kingine. Kama laini yako ya simu imekata mtandao ghafla bila sababu, wahi kampuni ya simu. Huenda namba yako imehamishiwa kadi nyingine ya simu. Hifadhi ujumbe, namba na saa, usifute kitu kwa hasira, na utoe taarifa polisi.

Halafu jiandae kwa simu ya pili. Orodha za waliokwisha kutapeliwa huuzwa kwa matapeli wengine, na baada ya wiki au miezi atapiga mtu mpole kutoka “kitengo cha urejeshaji”, au wakili, au mpelelezi, akijua kiasi ulichopoteza hadi senti ya mwisho. Fedha zako zimepatikana, atasema. Kilichobaki ni ada ndogo ya kuzifungua, au namba itakayoingia kwenye simu yako sasa hivi. Benki inayorudisha fedha huziingiza kwenye akaunti yako iliyo nayo tayari. Haihitaji namba yako ya siri kufanya hivyo, wala haitozi malipo ya kutangulia.